Maswali ya Wasomaji: 1176, Kompresa Isiyo na Nobu ya Kizingiti

Mwezi huu barua nyingi zimehusu kifaa kimoja: 1176, limita (kompresa, yaani kifaa cha kubana sauti inapopanda mno) ya transista aliyoibuni Bill Putnam wa Marekani, iliyotoka mwaka 1967 kurithi 176 yake ya valvu (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista). Tumechagua maswali matano. Majibu yanafaa pia kwa nakala zake za siku hizi, ila angalia kwanza kama zina vitufe vilevile.

Salaam, mafundi. Nimeazima 1176 kwa kurekodi mwimbaji. Kwenye programu za kompyuta nimezoea kuweka kizingiti kwanza, ndipo uwiano. Hapa kizingiti sikioni. Naanzia wapi?

Kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka huanza kubanwa, kipo, ila kimewekwa ndani ya saketi na huwezi kukigusa. Hapa hukishushi kizingiti kiifuate sauti. Unaipandisha sauti mpaka ikigonge. Kwa hiyo nobu ya kuingizia ndiyo inayoamua sauti ibanwe kiasi gani, na nobu ya kutolea inaamua itoke na nguvu gani. Ukilishika hilo, kifaa chote kimefunguka.

Vitufe vya uwiano ni 4, 8, 12 na 20. Nne maana yake ni kwamba sauti ikivuka kizingiti kwa desibeli 4, upande wa pili inapanda desibeli 1 tu. Lakini vitufe hivyo vinasogeza na kizingiti: kwenye 4 kiko chini, kwenye 20 kimepanda. Usishtuke basi ukibonyeza 20 na mshale ukarudi kuelekea sifuri. Kifaa ni kizima.

Kwa mwimbaji, weka mita kwenye GR, yaani kipimo cha kiasi kinachobanwa. Bonyeza 4. Ataki (kasi ya kubana) iwe kwenye 3, rilizi (kasi ya kuachia) kwenye 5. Mwambie aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, si ile ya kuanzia. Waimbaji wengi hujaribu kwa sauti ya chini, kisha kwenye kiitikio wanakupasulia rekodi. Pandisha nobu ya kuingizia hadi mshale uanguke desibeli 5 hadi 7 kwenye vilele na urudi karibu na sifuri anapovuta pumzi. Usiporudi, ama umeingiza sauti nyingi mno au rilizi ni ya polepole mno. Mwisho, rekebisha nobu ya kutolea ukitazama kompyuta: wastani uwe kama desibeli 18 chini ya ukomo wa dijitali, na vilele visipite 6 chini yake.

Ili ujue kama kubana kumesaidia, zungusha ataki kushoto kabisa hadi ilie “tik”. Hapo kubana kumezimwa, ila sauti bado inapita kwenye vikuzaji vyake. Itaruka juu mara moja, na kila sikio hupenda chenye kelele zaidi. Punguza nobu ya kutolea kwa desibeli zilezile zilizokuwa zinabanwa, ndipo ulinganishe.

Jambo jingine: 1176 si kikuzaji cha maikrofoni. Maikrofoni iingie kwanza kwenye priampu, priampu ndiyo iilishe kompresa, na kompresa iingie kwenye tundu la laini la kadi ya sauti. Ukiichomeka kwenye tundu la maikrofoni, sauti itakwaruza hata kama nobu zote umezipanga vizuri.

Gitaa la besi linakwaruza kila nikibana, ingawa mita zote ziko salama. Ataki nimeiweka 7 ili iwe ya polepole, na rilizi pia 7. Tatizo ni waya?

Waya hauna kosa. Nobu za 1176 zimegeuzwa kinyume cha kompresa nyingi: 7 ndiyo kasi kuliko zote, na 1 ndiyo ya polepole. Ataki kwenye 7 ni mikrosekunde 20, yaani sehemu 20 za milioni ya sekunde. Kwenye 1 ni mikrosekunde 800. Rilizi kwenye 7 ni milisekunde 50, kwenye 1 ni sekunde 1.1. Ulidhani unapunguza mwendo, kumbe umekanyaga mafuta hadi chini.

Uzi wa E wa chini kwenye besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja wa wimbi unachukua milisekunde 24 hivi. Rilizi ya milisekunde 50 ina nafasi ya kuanza kuachia kati ya kilele na kilele, na ataki ya kasi inabana tena papo hapo. Kompresa inaacha kufuata nguvu ya noti na kuanza kulikunja wimbi lenyewe. Mkunjo huo ndio ukwaruzo unaousikia. Rudisha rilizi kwenye 3 au 4 na ataki kwenye 2, uwiano 4, na ubane desibeli 3 hadi 5 tu. Ukitaka ukali kidogo kwa makusudi, pandisha rilizi polepole ukisikiliza, usiende 7 kwa mkupuo.

Tambua pia kwamba hata ataki ya 1 haifiki milisekunde moja. Ukihitaji kompresa iuache mdundo wa kijiti upite mzima kabla haijabana, chukua nyingine.

Nimesikia mafundi wakibonyeza vitufe vyote vinne kwa pamoja. Nilipojaribu, mshale ulipiga mwisho wa mita na kubaki hapo. Nimekiua kifaa?

Hapana. Vitufe vyote vikiingia, volti za ndani ya saketi zinahama na mita haisemi ukweli tena. Funga macho, tumia masikio. Uwiano unakuwa mahali fulani kati ya 12 na 20, mwanzo wa mlio unachelewa kidogo kubanwa, na ukwaruzo unaongezeka. Ndiyo maana ngoma zinasikika kana kwamba chumba kizima kinapumua.

Tumia kwenye maikrofoni za mbali za ngoma, si kwenye sauti ya mwimbaji (maoni yetu, wapo watakaobisha). Zipeleke kwenye njia ya pili, zibane bila huruma, rilizi 7, kisha ipandishe njia hiyo taratibu chini ya zile safi hadi uhisi uzito. Kama sauti imetoka kwenye kompyuta ikazunguka kupitia kifaa na kurudi, itakuwa imechelewa. Tuma mlio mmoja mfupi wa kijiti, pima imechelewa sampuli (vipande vidogo vya sauti ya dijitali) ngapi, uirudishe nyuma kiasi hichohicho. Usipofanya hivyo, njia mbili zitafutana na ngoma itapungua mwili badala ya kuongezeka.

Mshale wangu hausimami kwenye sifuri hata kama hakuna sauti. Nifungue mfuniko?

Usifungue kwanza. Kwa kuwa ndani kuna transista ya FET inayobadilika na joto, washa kifaa kikae nusu saa, zima ataki hadi “tik”, ondoa sauti yoyote inayoingia, ndipo usome. Kama bado kimepotoka, mpe fundi, kwa sababu ndani kuna umeme wa ukutani, na kapasita zinaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa waya.

Fundi naye ajue kuna marekebisho mawili yasiyofanana. Moja ni la mshale tu, halibadilishi sauti. Lingine ni la FET yenyewe, Q-bias. Unaingiza mlio wa hezi 1,000 kubana kukiwa kumezimwa, unazungusha trima (skrubu ndogo ya marekebisho) hadi FET iache kabisa kupunguza sauti, unaweka mshale wa kipimo cha kutoka kwenye +1, kisha unazungusha trima polepole hadi mshale ushuke desibeli 1, kwenye sifuri. Unaacha hapo. Ukishusha zaidi, FET inapunguza sauti hata isipoombwa. Usiposhusha vya kutosha, inachelewa kuamka na vilele vinapita. Q-bias itangulie, sifuri ya mshale ifuate, si kinyume chake.

Kuna faida kuifuatisha 1176 na kompresa nyingine, LA-2A?

Ipo, na inatokana na tofauti ya zana zao. LA-2A ya Teletronix haibani kwa transista. Ndani yake kuna kidude kiitwacho T4: bamba linalowaka kwa nguvu ya sauti, linalomulika kipande cha kadimiamu salfaidi ambacho ukinzani wake hupungua kinapopata mwanga. Mwanga una uvivu wake. Ataki ni kama milisekunde 10. Kuachia nusu ya kwanza kunachukua milisekunde 60 hivi, na iliyobaki inajikokota kwa sekunde kadhaa, zaidi kama ilibanwa sana.

Ukiiweka peke yake, vilele vya ghafla vinapita kabla mwanga haujakolea, kisha inabana sana ikiwa imechelewa. Tanguliza 1176: ataki 5, rilizi 7, uwiano 4, iguse vilele tu kwa desibeli 2 hadi 4. LA-2A inayofuata inalainisha mwendo mzima kwa desibeli 3 hadi 5. Ukizigeuza, haitakuwa kosa, ila 1176 itapokea sauti iliyokwisha kulainishwa na kazi yake itapungua.

Kama LA-2A imezeeka, bamba la T4 linafifia na utajikuta ukizungusha nobu ya kubana mbali zaidi kila mwaka. Ukiwa na mbili, zima zote, badilishana T4 kati yake, maana zinachomeka kama valvu. Udhaifu ukihama pamoja na T4, umempata mkosaji. Ukibaki palepale, kagua valvu.