Pointi 23: kidato cha tano au injini za boti?

SWALI
Shikamoo Mhariri. Nimemaliza kidato cha nne, nikapata daraja la tatu, pointi 23: Kiswahili B, Fizikia, Biolojia na Jiografia C, Hisabati, Kemia na Kiingereza D. Baba anataka niende kidato cha tano, baadaye niwe daktari. Mimi napenda ufundi wa injini za boti. Nifanyeje?
Msomaji, Ujiji

JIBU
Marahaba, binti. Tuanze na karatasi ya matokeo, kwa kuwa ndoto zote mbili zinapita hapo. Shule za Serikali hutaka angalau C tatu, na masomo matatu ya tahasusi (mchanganyiko utakaosoma kidato cha tano) yasizidi pointi 10 (A ni 1, B 2, C 3, D 4). PCB yako (Fizikia, Kemia, Biolojia) ni 3, 4 na 3: kumi kamili. Unaruhusiwa, ila uko mkiani mwa foleni, nyuma ya wenye tano na sita, na ukipata nafasi utabeba Kemia ya D kwa miaka miwili. Kwa udaktari huo ni mzigo mzito mno. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) inafika 11, kwa hiyo haipo.

Mwoneshe baba kwamba ufundi haufungi chuo kikuu. Stashahada ya uhandisi mitambo huchukua miaka mitatu, ngazi ya 4, 5 na 6. Vyuo hudai D nne bila kuhesabu dini, na kozi nyingi hutaka Hisabati na Fizikia ziwemo. Unazo. Ukimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaweza kuomba shahada. Ada ikiwa ngumu, anzia VETA, vyuo vya ufundi stadi.

Kabla ya kuamua, omba kukaa wiki moja kwa fundi pale mwalo wa Kibirizi. Fika anapofungua, ondoka anapofunga. Andika kila kazi iliyoingia, kilichoharibika, alicholipwa, na zana aliyoikosa. Muulize pia miezi gani kazi hukauka. Swali hili vijana wengi hulisahau, na ndilo linalowaumiza: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na boti ya uvuvi isipoingia majini injini yake haichakai. Kwa hiyo jifunze na pampu, jenereta na magari. Dizeli ni dizeli, iwe ziwani au barabarani.

Usilipe hata shilingi kabla ya kuona chuo na kozi yenyewe katika kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayoitaka isiwemo. Chuo cha Serikali hulipwa kwa kontroo namba. Anayekupa namba yake ya simu ili umtumie ada, mwache.

Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua muda wa kubadili tahasusi na vyuo kwenye Selform, fomu ya machaguo ya mtandaoni. Ukiwa bado wazi, kaa na baba mbele ya skrini, mbadilishe pamoja.