Nilivyoandika riwaya yangu ya kwanza ya fantasia nikiwa mpagazi wa mlimani

Mleta mada umeuliza maswali mawili: sisi tunaoandika fantasia kwa Kiswahili tunayatoa wapi hayo mambo wakati "ni fani ya Wazungu", na mtu asiye na kompyuta wala ndugu mchapishaji aanzie wapi. Riwaya yangu ya kwanza imetoka mwaka jana, niko Moshi, acha nikujibu kwa nilivyopita mimi. Jina la kitabu silitaji, modi wa jukwaa hili wasije wakasema natangaza biashara.

La Wazungu tulimalize haraka. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Nchi nzima inaelea angani, wajumbe wanatumwa pande sita, pamoja na juu mbinguni na chini ardhini. Shuleni tulikisoma kama kitabu cha haki na utawala, tukafanyia mtihani, hakuna mwalimu aliyetamka neno fantasia. Na mlima wetu wenyewe, Kilimanjaro, je? Mwaka 1848 Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wasomi wa kwao wakambeza. Kitu tunachokiona kila asubuhi tukipiga mswaki!

Sasa, kila anayeandika huku huanza na Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili vya mlima. Ile hadithi kwamba Mawenzi alikuwa akienda kuomba moto kwa Kibo, akirudi tena na tena kudai umemzimikia, mpaka Kibo akachoka akamtwanga na mchi, ndiyo maana amechongoka vile. Na mimi nilianza hapo. Kurasa arobaini hivi, mbovu kabisa. Nilikuwa nimeichukua hadithi ya bibi nikaivalisha panga na farasi. Farasi, Marangu, kwenye ile miteremko!

Kilichonipa kitabu ni mfongo. Kwa wasiofika huku: ni mfereji wa jadi unaochepusha maji ya mto kule juu na kuyatembeza kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, kwa kufuata mteremko tu, bila pampu. Mingine ilikuwepo kabla Mjerumani hajafika. Kila mfongo una ukoo ulioufungua, una mzee wake, una zamu. Siku ya kuzibua kila nyumba inatoa mtu. Usipotokea unatozwa faini, zamani ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na ukikaidi zamu yako inarukwa. Usiku maji yanakusanywa kwenye bwawa dogo linaloitwa nduwa, alfajiri yanafunguliwa. Bibi yangu alikuwa na zamu ya Jumanne, na kesi isiyoisha na jirani aliyekuwa akiziba mfongo kwa magome ya mgomba gizani. Nimelala utotoni nikisikiliza kesi hiyo kama watoto wengine wanavyosikiliza redio.

Wazo lenyewe lilikuja mwaka 2016 kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600. Nilikuwa mpagazi, mzigo unapimwa getini usizidi kilo 20, unapanda. Pale juu usingizi hauji. Unasinzia, unashtuka unatafuta pumzi. Tumebanana wagumu, yaani wapagazi, kumi kwenye hema moja, na hema la pili kuna mgeni anakoroma kama mashine ya kusaga. Mwenzangu mmoja akasema gizani: "Yule kazibia huko juu, usingizi haushuki kwetu." Hema zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilishaanza kuhesabu zamu.

Kwa hiyo uchawi sikubuni hata mmoja. Nilitoa maji kwenye mfongo nikaweka usingizi. Sheria zote nikaziacha zilivyo, na hapo mambo yakaanza kujileta yenyewe. Wa juu wanalala mpaka saa sita mchana. Kijiji cha chini hawajalala misimu mitatu. Mfongo lazima ulindwe usiku, sasa nani atalinda? Wale wasiolala. Yaani wanaoibiwa ndio hao hao walinzi. Nilipofika hapo nilijua nina riwaya, maana kabla ya hapo nilikuwa na wazo tu, na mawazo kila mtu anayo.

Ushauri wangu mkubwa uko hapo, mkuu. Tafuta jambo ambalo kwenu lina sheria zinazogombaniwa. Mirathi, mahari, zamu ya kisima, chochote. Joka utaliongeza baadaye kama bado unalihitaji.

Mandhari nayo sikuumba. Aliyepita Barranco, kule juu mlimani, anaijua ile miti ya senesio iliyovaa majani yake makavu kama koti, na lobelia zinazojifunga jua likizama na kujifungua asubuhi. Wasomaji wa Dar wameniandikia kunisifu kwa kubuni mimea. Nimepokea sifa, nimenyamaza.

Swali la pili. Nimeandika yote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, zaidi Aprili na Mei, mvua za masika, wageni wachache. Nilianza kwa kurusha vipande Facebook, unaujua mtindo: sehemu ya 1 mpaka ya 10 bure, ITAENDELEA, anayetaka zilizobaki anatuma 1,000 kwa simu anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Mtindo huo ulinifundisha kukata pale msomaji anapoumia. Uliniharibu pia. Nilipounganisha vipande, kitabu kilikuwa kama daladala, kinasimama kila kituo. Miezi minane niliitumia kufuta vituo. Halafu kuna mtu alinakili sehemu 31 akaweka jina lake. Tangu siku hiyo nusu ya pili nikaifungia ndani.

Mchapishaji mmoja alikaa na muswada miezi kumi na minne, kisha akanijibu mstari mmoja: geuza iwe ya mapenzi au ifupishe iwe ya shule. Iliniuma, ila hesabu yake naielewa, wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule. Nikachukua ISBN Bodi ya Huduma za Maktaba, nikachapa nakala 300 Arusha, shilingi 6,500 kila moja, nauza 12,000. Nakala 140 ziliondoka wiki mbili za Krismasi, Wachagga walipopanda nyumbani. Mtu wa Dar akifika kihambani anataka kitu cha kuonyesha watoto kwamba huku ndiko kwao, na mimi nilikuwa nimesimama na boksi. Kama huna mtaji, ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inapokea miswada. Jaribu.

Bibi hasomi tena, macho. Nilimsomea sura ya kwanza jikoni, akasikiliza kimya mpaka mwisho. La usingizi kutiririka hakulishangaa hata kidogo. Aliuliza kwa nini mzee wangu wa mfongo anafungua nduwa saa sita usiku, mfongo gani huo. Halafu akauliza kwa nini Jumanne nimewapa watu wa yule jirani.

Chapa ya pili naisahihisha.