Mbwa analala sana kipindi cha baridi? Angalia anavyoamka

Kila baridi ikianza naulizwa swali lile lile, mbona mbwa wangu siku hizi analala tu, hachezi, hata nje hataki kutoka, anaumwa au ndo baridi? Nimefuga mbwa miaka mingi, wakubwa kwa wadogo, wenye manyoya mazito na wale wenye manyoya mafupi kabisa, na jibu langu ni kwamba masaa ya kulala peke yake hayakwambii kitu. Mbwa mzima kwa kawaida analala kama masaa 12 kwa siku, watoto na wazee wanaenda mpaka 18 hivi, kwa hiyo baridi ikiongeza lisaa limoja au mawili juu ya hapo wala usishtuke. Mi naangalia anavyoamka.

Mbwa ambaye ni baridi tu imemlaza, ukimwita au akisikia bakuli lake limeguswa anainuka, anajinyoosha miguu ya mbele alafu ya nyuma, anapiga mwayo, baada ya dakika chache ni yule yule unayemjua. Mwenye tatizo anakufuata kwa macho tu, mwili haunyanyuki, au ananyanyuka anafika kwenye chakula ananusa anarudi kulala. Huyo wa pili usimwekee sababu ya baridi.

Baridi yenyewe inamfanya nini? Joto la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, na lazima libaki hapo hata nje kukiwa kumeganda, sasa moto huo unatoka kwenye chakula alichokula, na akianza kutetemeka ndo anaichoma ile nguvu kwa kasi zaidi. Ndo maana anajikunja mviringo, pua kaificha chini ya mkia, miguu kaikunja ndani, manake tumboni hana manyoya mengi na hapo ndo baridi inapoingilia. Ni akili nzuri tu ya mwili kutunza joto.

Ila kuna jambo ambalo watu wengi wanalipita, yaani mbwa anayelala mchana kutwa inawezekana kabisa usiku hajalala. Mbwa mwenye baridi usingizi wake ni wa vipande vipande, analala, anaamka, anazunguka, anajikunja upya, anahama kona, na asubuhi wewe unamkuta kachoka unadhani ni mvivu. Jaribu hivi, usiku kabla hujalala pita taratibu uingize mkono chini yake, kati ya mwili na tandiko. Panatakiwa pawe pa moto na pakavu. Ukikuta pana ubaridi au unyevu basi shida ni kitanda, sakafu inamnyonya joto usiku kucha. Mbwa wangu mzee nilimnyanyulia kitanda kidogo kutoka sakafuni nikaweka na tandiko nene, hazikupita siku nyingi nikaanza kumkuta kalala ubavu, miguu kainyoosha, na ukiona mbwa kajiachia hivo wakati wa baridi jua amepata joto la kutosha. Kwa wale wanaolala kwenye kibanda nje, kiwe kidogo cha kumtosha kugeuka na kulala ili joto lake libaki ndani, mlango usielekee upepo, na ndani weka mabua makavu laini, yale ya ngano au mpunga, badala ya blanketi, kwa sababu blanketi linashika unyevu na likishalowa ni bora lisiwepo. Na baridi ikizidi kabisa muingize ndani tu jamani.

Wazee wanahitaji macho zaidi. Huyo wangu asubuhi za baridi alikuwa ananyanyua mbele kwanza, nyuma inabaki chini, anatulia kidogo kama anajipanga, ndo anavuta miguu ya nyuma, hatua za kwanza kakakamaa kabisa ila akishazunguka anakuwa sawa. Hayo ni maumivu ya viungo, na baridi inayaamsha. Daktari wa mifugo alimpa dawa na tukaanza kutembea safari fupi fupi badala ya moja ndefu, akarudi kuwa mchangamfu. Tafadhali usimpe dawa zako za maumivu, parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa.

Wadogo, wembamba na wenye manyoya mafupi, Chihuahua au Greyhound kwa mfano, wanapoteza joto haraka na hao sweta linawasaidia kweli, ila likilowa litoe hapo hapo. Husky, yule mbwa wa nchi za barafu, ni kinyume, ye baridi ndo inamchangamsha, kwa hiyo Husky aliyelegea siku ya baridi mi ningempeleka kwa daktari mapema kuliko mwingine. Chakula nako, anayeishi nje ongeza, anayeshinda ndani kalala usiongeze, pitisha mkono mbavuni kila wiki, mbavu uzisikie bila kukandamiza.

Sasa ya hatari. Mbwa aliyekuwa anatetemeka akaacha kutetemeka na bado yuko kwenye baridi, analegea, anayumba, fizi zimekuwa nyeupe, joto limeshuka chini ya nyuzi 37, hapo usimwache alale eti apumzike. Mkaushe, mfunike, mpashe joto polepole, chupa ya maji ya moto uizungushie taulo kwanza isimuunguze, na uwe njiani kwa daktari.

Na kama hali ya hewa imeshabadilika, jua limerudi, lakini ye bado analala vile vile, ananenepa na chakula hakijaongezeka, manyoya yanapungua, na kila saa anatafuta sehemu yenye joto, omba apimwe damu waangalie tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayoongoza mwili unavyotumia nguvu. Tezi hiyo ikifanya kazi chini ya kiwango mbwa anapoa na kulegea, inawapata zaidi wa umri wa kati kwenda juu, na wenye mbwa wanapoteza miezi wakidhani ni baridi au uzee wakati vidonge vipo, anakunywa maisha yake yote, na wengi wanaanza kuchangamka tena ndani ya wiki chache.