Re: Wanaoandika historia ya vifaru vya vita, wote ni wanajeshi wastaafu?

Hapana mkuu, si lazima wawe wamepita jeshini, tena wengi unakuta ni mainjinia au watu wa makaratasi tu. Cheki David Fletcher, yule babu wa masharubu meupe anayeelezea vifaru YouTube, yeye alikuwa mkutubi wa makumbusho ya vifaru pale Bovington, Uingereza, kaingia 1982 katoka 2012, miaka 30 anapekua mafaili na picha za zamani mpaka wakampa nishani ya heshima ya Uingereza, MBE. Sasa mtu kama huyo unabishana naye nini?

Halafu kuna Richard Ogorkiewicz, kazaliwa Poland 1926, akasomea uinjinia London na baadaye akafundisha hukohuko chuo cha Imperial College, ndiyo maana ukimsoma anakuchambulia injini, mzinga na unene wa chuma badala ya kukupigia stori za vita. Hunnicutt wa Marekani naye injinia wa metali, kitabu chake cha 1978 kuhusu Sherman, kifaru cha Marekani, mpaka leo watu wanakitumia kama msahafu.

Hilary Doyle ni Mwairishi, nchi yenyewe haina hata vifaru lol, ila michoro yake ya vifaru vya Wajerumani ni balaa, alifanya kazi na marehemu Jentz, mtafiti wa vifaru wa Marekani, ambaye alikuwa haamini kitu mpaka aone karatasi ya enzi za vifaru hivyo.

Wa jeshini wapo pia, Nicholas Moran kwa mfano, ofisa wa vifaru kabisa, kafika Iraq.