Nimesomea umeme, naambiwa saiti si ya mtoto wa kike

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 23, naishi Mikindani, nimemaliza umeme VETA hapa Mtwara. Kila nikiomba kazi mara naambiwa saiti haifai wanawake, mara wanataka watu wa Dar, na mabosi wa kigeni wanakuja na watu wao. Mama anasema nirudi kwenye korosho au nijifunze cherehani. Nimeanza kuona labda tatizo ni mimi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tatizo si wewe hata kidogo. Marekani kuna watafiti walituma maombi ya kazi Boston na Chicago, sifa zinalingana kabisa, walichobadilisha ni majina tu, huku Emily na Greg kule Lakisha na Jamal, matokeo yakachapishwa 2004, wenye majina ya kizungu waliitwa karibu asilimia 50 zaidi ya wenye majina ya weusi! Hakuna aliyeonekana sura wala kuulizwa swali. Kwetu rangi haitajwi sana ila utasikia "huyu wa kusini", "huyu mwanamke", ubaguzi ni uleule.

Na mama usimkasirikie jamani. Gesi ya Mnazi Bay ipo, mtambo wa Madimba upo, lakini yeye amekua anaona mwanamke anabangua korosho, hajawahi kuona binti kapanda nguzo. Mwanasaikolojia Linda Gottfredson aliandika 1981 kwamba mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8 hivi tayari anaanza kufuta kichwani kazi anazoona si za jinsia yake, sasa wewe hukuifuta, hiyo ndo inanifurahisha sana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa rangi, kabila, sehemu ulikotoka, jinsia, hata ujauzito, na anayeomba kazi naye analindwa siyo aliyeajiriwa peke yake. Kwahiyo wakikukataa waombe sababu kwa maandishi, meseji pia itunze, halafu nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, pale Mtwara mjini ndani ya siku 60, usisubiri zipite.

Huku unapambana fuatilia leseni ya EWURA, wale wanaodhibiti huduma za nishati na maji, uanze kufunga umeme majumbani, nyumba zinajengwa kila kona. Ukipata kazi ya kwanza mchukue mama akuone ukiwa kazini.