Pa kurudi panapoisha

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Je, ubepari huzidi kukandamiza kadiri unavyozeeka, au hulegea?" Ninaamini huzidi, na sababu yake niliiona kwenye kihamba cha baba yangu, Kibosho, kabla sijaisoma popote.

Kwa wasiotoka huku Moshi, kihamba ni shamba la ukoo mlimani: migomba juu, kahawa kivulini mwake, ng'ombe zizini, mfereji ukipita pembeni. Babu yangu alikuwa na ekari tatu na kidogo. Wajerumani walileta kodi ya kibanda mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza wakaendelea nayo, kwa hiyo kila mwenye nyumba alilazimika kutafuta fedha. Njia ya karibu ilikuwa kumvunia setla wa Kizungu. Wazee wetu wakapata njia nyingine, wakapanda kahawa yao wenyewe. Masetla walilalamika sana na kutaka Mwafrika azuiwe kulima zao hilo, na ndiyo maana wakulima wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, kisha chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Babu hakuwa tajiri. Alikuwa na ndizi za kula na kahawa ya kulipia kodi, kwa hiyo aliyemletea ujira mdogo alimjibu hapana na kurudi kupalilia.

Sitaki kuwapamba wazee kupita kiasi. Hiyo hapana ilikuwa ya wanaume. Kihamba kilirithiwa na wana wa kiume, na mimi binti niliolewa nikijua kwamba nikirudi nitarudi kama mgeni. Labda ndiyo sababu sisi wanawake tulilielewa jambo hili mapema kuliko kaka zetu. Asiye na pa kurudi hupokea masharti yoyote anayowekewa mezani.

Ekari tatu ziligawanywa kwa wana watano, kisha kwa wajukuu. Kaka yangu leo ana robo ekari. Bei ya kahawa nayo ilikuwa ikishikiliwa na mkataba wa kimataifa wa mgao kati ya nchi zinazouza na zinazonunua. Julai 1989 mgao huo ukavunjika, bei ikaporomoka, na wapo majirani walioing'oa mibuni yao wapande maharage na nyanya. Na vile tulivyovipata bila fedha vikaanza kudai fedha. Zamani ulichagua mahindi mazuri ukayaning'iniza juu ya moshi, ukayapanda mwakani. Mbegu chotara ukiirudia mavuno yanapungua, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Hakuna mtu mbaya aliyekaa akapanga hayo yote. Lakini kila kimoja kilichukua kipande cha ile hapana ya babu.

Mtoto wa kaka yangu anaendesha bodaboda hapa mjini. Pikipiki ni ya mkataba: hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, Jumapili ikiwemo, kwa miezi 15, ndipo iwe yake. Dukani ilinunuliwa milioni 3. Akimaliza atakuwa amelipa milioni 4.5, huku mafuta na matengenezo ni juu yake. Mwenzake aliyeanza miaka michache kabla yake alisaini miezi 12. Kwa nini imeongezeka? Kwa sababu kijiweni wamejaa vijana wasio na pikipiki wala shamba, na anayekataa miezi 15 yupo mwingine nyuma yake atakayeikubali. "Shangazi," aliniambia, "nikiumwa siku mbili naanza kuogopa simu." Tajiri wake nimezungumza naye, si katili. Pikipiki zenyewe amezinunua kwa mkopo wa benki na ana marejesho yake.

Mimi mwenyewe nina genge la mboga Pasua. Mwaka juzi nilichukua mkopo wa kikundi, hii ambayo mitaani tunaiita kausha damu, shilingi laki 5, marejesho kila Jumanne. Mmoja wetu akikosa, wengine tunamchangia, na tukichoka kumchangia tunakwenda kwake kutoa kochi. Nimewahi kusimama kwenye kibaraza cha jirani yangu huku kochi linatolewa, na sikusema neno. Lakini kinachoniuma zaidi ni kina mama wanaoteremka alfajiri kutoka Old Moshi na mnafu na mchicha vichwani. Nilikuwa nawalipa vizuri. Baada ya mkopo nikaanza kuwapunja, mia hapa, mia mbili pale, nikijua mboga zitanyauka na hawawezi kupanda nazo mlimani. Roho yangu haikuwa imebadilika. Jumanne ilikuwa inakuja. Aliye juu yangu anabanwa, ananibana, nami nambana aliye chini, na kila mtu kwenye mnyororo huo anaweza kuapa kwamba hakuwa na la kufanya.

Ndivyo ilivyokuwa hata ulikoanzia mfumo huu. Mwanakijiji wa Uingereza alikuwa na malisho ya pamoja na kuni za msituni. Bunge lao likapitisha maelfu ya sheria za kuzungushia uzio ardhi hiyo, na baadhi ya wazao wake wakaishia kwenye viwanda vya pamba. Kuna msomaji atasema mambo yalilegea baadaye, na ni kweli: sheria ya saa 10 kwa wanawake na vijana ilipita huko mwaka 1847, na mwaka 1919 mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani ukataja saa 8. Lakini tazameni yalilegea lini. Yalilegea wafanyakazi walipokuwa na vyama na mfuko wa mgomo, mtu akaweza kukaa nyumbani majuma kadhaa asife njaa. Chama ni kihamba cha asiye na shamba. Mwaka 1981 Rais Reagan wa Marekani aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na migomo mikubwa nchini mwake ikapungua sana baada ya hapo. Kwetu, serikali iliyotangaza Azimio la Arusha, lile la ujamaa, mwaka 1967 ndiyo hiyo hiyo iliyovunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Nasema hivyo kwa uchungu, maana nalipenda lile Azimio. Ushirika uliporudi miaka ya 1980 ulikuta mazoea ya kuamua pamoja yamekatika.

Wanangu hunijibu kwamba tunaishi vizuri kuliko bibi: bati, simu, chanjo, umeme. Sikatai hata kimoja. Bibi alizika watoto watatu. Ila ninyi mmeuliza kuhusu kukandamizwa, na mtu anaweza kuwa na simu nzuri mfukoni akaikodolea macho kwa hofu, kama yule kijana wetu.

Juzi kaka amenipigia. Kuna mtu wa mjini anataka nusu ya ile robo ekari, ajenge nyumba, na fedha yake ingemaliza deni la pikipiki na ada ya mdogo wake. Karatasi zimeshaandaliwa. Nimemwomba asitie sahihi mpaka nipande Jumapili, na njiani nitapita kwa wale kina mama wa mnafu, kwa sababu tumeanza kuzungumza juu ya kuweka mfuko wetu, wao na mimi, usio na Jumanne.