Benki haijui siku za mbalamwezi

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma. Unataka nyumba ya Gungu iwekwe dhamana benki, uchukue milioni 30 kwa miaka 3, nusu ununue hati fungani za serikali, yaani uikopeshe serikali ikulipe riba, nusu uingie kwenye biashara ya dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Benki imekutajia riba ya asilimia 18. Jibu langu: hati fungani kwa mkopo, hapana. Dagaa, labda, ila si kwa mpango huo.

Kabla ya yote, rudi kwa afisa mikopo umuulize: hiyo 18 inapigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, au kwenye mkopo mzima mpaka mwisho? Kwa salio linalopungua rejesho lako ni kama 1,084,572 kwa mwezi, na riba yote haizidi sana milioni 9. Ikipigwa kwenye mkopo mzima, rejesho ni 1,283,333 na riba ni milioni 16.2. Namba iliyoandikwa kwenye bango ni ileile, pesa si ileile. Usikubali jibu la mdomo, omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa, miezi yote 36.

Sasa hati fungani. Aliyekushawishi najua hesabu aliyokuonyesha, maana ni tamu kweli. Chukua milioni 15 za mkopo. Riba utakayoilipa benki kwa miaka 3 ni kama milioni 4.52. Ukizinunulia hati fungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95, kama ile iliyotoka mwaka 2021, unapokea 2,392,500 kwa mwaka, yaani 7,177,500 kwa miaka 3. Ukitoa, unaona faida ya kama milioni 2.65. Umejiuliza inakuwaje ukope kwa 18, uwekeze kwa 15.95, halafu upate faida? Haiwezekani, mama. Kilichofichwa ni kwamba mkopo wa hizo milioni 15 unadai 542,286 kila mwezi, kama milioni 6.5 kwa mwaka, na hati fungani inakupa milioni 2.4 tu, tena kwa mafungu mawili, moja kila miezi sita. Zile milioni 4 za kujazia zinatoka kwenye mshahara wako. Kinachoonekana faida ni pesa yako mwenyewe uliyokuwa unaiweka kidogo kidogo.

Na kama mshahara unaweza kubeba 542,286 kila mwezi, basi marejesho ya miezi miwili yanavuka milioni moja, na milioni moja ndicho kiwango cha chini cha kununua hati fungani kwenye mnada wa Benki Kuu. Fungua akaunti kupitia wakala wa soko la hisa au benki yako, ununue kidogo kidogo bila kumgusa mtu wala nyumba. Riba zenyewe hazitulii. Ile ya miaka 25 ilishushwa mwaka uliofuata, 2022, hadi 12.56. Uliyokwisha kununua haibadiliki, ila ukitaka kuiuza kabla ya muda wakati riba mpya ziko juu, utaiuza kwa hasara. Ukiwa nazo za kutosha, hizo hati fungani nazo benki hupokea kama dhamana, na ikifika huko nyumba itabaki nje ya maneno.

Dagaa ni habari nyingine, kwa sababu pesa yake inazunguka haraka na faida inaweza kuipita 18. Tatizo ni kalenda. Benki inadai tarehe ileile kila mwezi. Ziwa lina siku za giza na siku za mwezi: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, na mzigo unapungua kwa zaidi ya wiki. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa mkopo wako hiyo ni marejesho matatu, milioni 3.25, bila samaki hata mmoja.

Kwenye kukausha ndipo wageni wa biashara hii wanapoumia. Dagaa wabichi kilo tatu mpaka nne hutoa kama kilo moja kavu, kwa hiyo bei ya ufukweni izidishe mara nne kabla hujafikiria faida. Jua likiwa kali, wanakauka vizuri juu ya vichanja kwa siku moja au mbili. Mvua ikiwakuta wamelowa, wanalainika, rangi inageuka kuwa ya kahawia, vichwa vinakatika, na mnunuzi wa Dar akitia mkono kwenye gunia akakuta vumbi chini, anakata bei mbele yako. Waliokaushwa mchangani anawajua kwa kutafuna mmoja tu. Ongeza na mali kauli: unatuma mzigo kwa treni, mwenzako anauza kwanza ndipo alipe, na wiki tatu zinakuwa miezi miwili. Benki haikopeshwi kwa mali kauli.

Kwa hiyo, kama utaingia, chukua milioni 10, si 30. Rejesho linakuwa kama 361,500. Tenga marejesho manne, yaani 1,446,000, kwenye akaunti ambayo huigusi, hiyo ndiyo ya kukuvusha ziwa likifungwa. Omba kabla ya kusaini kwamba miezi ya kufungwa ulipe riba tu. Ukiomba baada ya kuchelewa, utaonekana msumbufu. Na kumbuka pesa inayoingia mkononi ni pungufu: kuna mthamini, mwanasheria, usajili wa rehani, bima na ada ya mkopo.

Mthamini atakupa namba mbili, thamani ya soko na thamani ya kuuza haraka. Usifurahie ile kubwa. Benki inaangalia ile ndogo.

Mume wako asaini ridhaa, na asaini akiwa ameelewa. Nyumba mnayoishi haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 pia. Usimfichie eti utamwambia ukishapata faida.

Ukishindwa kulipa, benki inakupa taarifa ya maandishi na siku 60 za kurekebisha. Baadaye dalali atangaze siku 14 kabla ya mnada. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa robo au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutafuta bei nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini aliyenunua kwa nia njema analindwa, wewe unabaki kudai fidia. Siku za kupambana ni zile 60: nenda na barua, omba mkopo upangwe upya, au tafuta mnunuzi mwenyewe, maana bei yako itaizidi ya dalali.

Kwenye mkataba kuna kifungu kimoja nataka ukitafute. Kinasema dhamana italinda madeni yote ya mkopaji, ya sasa na yajayo. Ukikiacha, hata ukimaliza mkopo huu, kadi ya mkopo au mkopo mdogo wa baadaye unaweza kuishikilia hati. Omba kiandikwe kwa mkopo huu peke yake. Na ukimaliza, usichukue hati tu ukaondoka, hakikisha rehani imefutwa kwenye daftari la msajili, ofisi ya ardhi ya mkoa.

Nitumie picha ya ratiba na ya kurasa za dhamana kabla ya Ijumaa. Usisaini kitu mpaka nimezisoma.

Baba yako